Hodi Arobaini

Fomu ya Idara ya TEHAMA ina mistari kumi na miwili.
Jina la mtumiaji. Namba ya mfanyakazi. Sababu ya kuunganishwa.
Nilijaza: Meza ya taa. Haina. Ili kupambazuke.
Ikarudi na muhuri mwekundu: JAZA UPYA.

Kosa nililifanya Jumanne, mazoezi ya tatu.
Nilikuwa nimechoshwa na ule waya mnene
uliokatiza ukumbi chini ya mkeka,
ambao Sakwa, anayeigiza karani, alijikwaa kwao kila akiingia,
hadi tukakubaliana karani wetu awe mlevi.
Na pale ukutani, nyuma ya pazia, palikuwa na tundu la mtandao wa chuo,
tupu, limejaa vumbi la Kisumu, halimdai mtu.
Nikachomeka.

Desturi yetu inajulikana:
mgeni hubisha hodi mara tatu,
asipojibiwa hushika njia yake bila kinyongo.
Meza yangu haikulelewa hivyo.
Yenyewe hubisha mara arobaini kwa sekunde,
wala si mlango mmoja.
Kwa msajili, hodi. Maktaba, hodi. Zahanati, hodi.
Jikoni, kwenye kompyuta ya kuhesabia sahani, hodi,
na bila kungoja karibu inaanza kutoa amri:
taa ya kwanza, nusu; ya pili, robo; ya tatu, lala.

Nilipoanza kuipandisha alfajiri, polepole, sekunde tisini,
ng'ambo ya uwanja foleni ya karo ilisimama.
Wazazi waliotoka Ahero na Muhoroni kabla ya jogoo,
risiti za benki zimekunjwa ndani ya leso,
walimtazama mhasibu akigonga kitufe kimoja, kilekile,
kama mtu anayeua siafu.
Alfajiri yangu ilikuwa imeziba njia.

Halafu giza.
Si stima; stima ilikuwepo, feni zilizunguka.
Mahali fulani swichi ilikuwa imechoka na mgeni huyu
ikatia komeo.
Mbone akabaki amenyosha mkono jukwaani,
akauliza gizani, kwa sauti yake mwenyewe,
si ya mhusika: "Sasa hili nalo limeandikwa?"

Mideva wa mitandao alikuja Alhamisi.
Nilikuwa nimeandaa visingizio vinne.
Hakuvihitaji. Alichuchumaa kando ya meza,
akauliza, "Inasema nini, muda wote huu?"
Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa:
"Haina adabu. Lakini si mwongo.
Tuipe kichochoro chake."

Waya ni zilezile, akaeleza, ukuta ni uleule,
ila ndani yake atachora njia ya nyumba mbili tu:
meza huku, sanduku la taa kule.
"Humo ipige kelele mpaka ikauke koo.
Mhasibu hatasikia hata pumzi."
Akabandika utepe juu ya tundu, akaandika kwa kalamu: TAA. USIGUSE.
Kisha, kwa herufi ndogo: hata wewe.

Usiku wa onyesho, wadudu wa ziwani
walikuwa wamefunika kila taa kama unga uliokoroga hewa.
Mideva alikaa safu ya nyuma, kipakatalishi magotini,
mwanga wake ameufunika kwa kitambaa,
akiulinda mstari mmoja wa kijani usitikisike.
Mbone, mama aliyekesha nje ya lango la kiwanda cha sukari,
aligeuka kuelekea dirisha letu la mbao.
Nikapandisha.
Mstari haukutikisika. Hakuna kilichotokea;
kazi yake yote ilikuwa hiyo, kwamba kisitokee kitu.
Karibu sekunde ya sitini aliinua kichwa
akakuta kumekucha.

Fomu ninayo bado, imetiwa sahihi.
Mstari wa kumi na mbili unauliza:
Kifaa kitaondolewa lini?
Niliuacha wazi.
Naye akagonga muhuri juu ya uwazi huo.