Tone Nililolifuta

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda ng'ambo hadi ng'ambo,
nami ghorofa ya tatu, nimevaa soksi mbili mbili,
nakutazama, ewe kipokezi.

Nguzo zako tano zimesimama duara
kwenye utando wa seli, na katikati pana upenyo
usiopitisha hata ncha ya unywele, ila kloridi hupita
ikiruhusiwa.
Ikipita, neva hutulia.
Isipopita, mtoto huanguka darasani, akajiuma ulimi.

Mtoto simjui. Daktari Helve Roosimaa
alinitumia namba tu, na herufi moja iliyobadilika
kati ya mamia ya herufi zako.
"Mlango wake una nini?" aliuliza.

Nikakujenga mara mbili, atomu kwa atomu,
wako mzima na wako wa mtoto,
na mafuta yako, na chumvi yako, na maji.
Mashine za chini ya ardhi zikavuma wiki sita
kunipa kipande cha kipande cha kupepesa jicho.
Ukajinyoosha. Ukatetemeka. Hukufunguka.
Si wa mtoto, si wa mzima.
Hapo kwa mzima ndipo paliponiuma.

Mkataba wangu unaisha Juni.
Nina uzamivu, nina miaka thelathini na sita,
nina baiskeli na chumba cha kupanga.
Kaarin aliyekaa meza ya pili sasa anauza bima;
hunitumia picha za jiko lake jipya.

Jumamosi nikaenda kwa bibi, Võrumaa, kuoga sauna.
Mlango ukagoma. Nikausukuma kwa bega,
nikalaumu kitasa, nikalaumu bawaba.
Bibi Leontine akaja na viatu vyake vya manyoya,
akapiga teke moja, chini, pembeni.
"Bawaba haina kosa," akasema. "Mbao imekunywa maji."

Ndani ya mvuke, jasho likinichuruzika,
nikakumbuka ya Oktoba:
ili hesabu ziende mbio
nilifuta matone saba nyuma ya bawaba zako.
Molekuli saba za maji. Nilidhani ni uchafu wa picha.

Nikayarudisha. Wiki sita nyingine.
Usiku wa manane, mwisho wa Machi, mlango mzima ulifunguka;
kloridi ikapita moja, kisha ya pili,
kama watu wanaopima barafu kwa mguu.
Wa mtoto ulikwama. Herufi ngeni
imekalia kiti cha tone la nne.

Nimemwandikia Helve: dawa sina.
Nina mahali. Chini, pembeni.
Namna ya kupapiga teke bila kuvunja mlango
bado siijui, na Juni haingoji.

Nimeomba fedha za miaka miwili.
Fomu inataka faida kwa jamii, maneno hamsini.
Nimeandika. Nimefuta.
Narudisha moja moja, kwa hofu,
nisije nikaacha lile lenye maji.