Dakika Tatu, Mita Tano

Puerto Lempira, asubuhi.
Mwalimu Eklan anasukuma kiti chake hadi ukingo wa gati,
magurudumu yakilia kutu.

"Pumua. Usibane pumzi,
hata ukiona kambakoche mnene kama paja lako."
Vijana wanacheka. Mitungi inagongana.

Zamani alizama mitungi kumi na miwili kwa siku.
Kisha ule mmoja,
akapanda mbio, hewa imemwishia,
kambakoche wawili mfukoni.
Damu ikafanya povu kama soda iliyotikiswa.
Miguu haikurudi naye.

Sasa anawafundisha kungoja:
mita tano, dakika tatu,
mkono kwenye kamba, jicho kwenye saa,
bila kufanya lolote.

Wilmor anauliza,
"Pale tufikirie nini, mwalimu?"

"Ngazi za nyumbani kwenu.
Zihesabu."