Chembe ya Shaba

Mbeyu anapima kwa mizani ya sonara
aliyoachiwa na shangaziye wa Mambrui:
zinki, shaba, seleni kidogo,
unga usiojaza ukucha.

Bwawani Ngomeni, usiku, kamba wanajivua maganda,
laini kama ulimi,
wakingoja jipya ligande.
Damu yao ni buluu;
shaba ndiyo inayobeba pumzi.
Ikizidi, sumu. Ikipungua,
alfajiri unaokota maganda mepesi
na wenyewe wamo ndani.

Mumewe alicheka: "Bahari yote hii ya chumvi,
wewe wanunua vumbi?"

Hakumjibu.
Alimwinua kamba mmoja kwenye mwanga,
akambonyeza mgongo. Ukalia ta.

Siku hizi naye humeza
kidonge chekundu cha kliniki,
mkono tumboni,
akihesabu.