Siku ya Tano

Kutaisi, Februari. Theluji juu ya paa la wadi ya tatu
kama shuka ambalo hakuna aliyelibadilisha.
Mimi ndiye niliyempasua Shalva, dereva mstaafu wa treni,
nikamtoa uvimbe mkubwa kama yai la bata,
nikauunga utumbo ncha kwa ncha:
mishono ishirini na miwili. Niliihesabu.
Nikanawa mikono huku napiga mluzi.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha
ni nafuu kwa mchukuzi.
Hawakuwahi kuunga utumbo wa mtu.

Siku ya tatu aliomba supu.
Siku ya nne alimtania mkewe, Mzia,
kwamba viatu vyake vinalia kama breki za behewa.
Siku ya tano, saa tisa za usiku,
muuguzi Tsiala aliandika kwenye chati:
mapigo mia moja na kumi na nane,
tumbo gumu,
mgonjwa asema kuna kitu hakiko sawa.
Akainua simu.
Akairudisha.

Maana mwezi uliotangulia nilikuwa nimemfokea
kwa kuniamsha
kwa homa iliyokuwa homa tu.

Saa moja asubuhi nilimkuta Shalva
rangi yake rangi ya majivu,
midomo mikavu, anajaribu kuniamkia.
Nilipomfungua mara ya pili
harufu ilinijibu kabla sijauliza.
Mshono mmoja. Kati ya ishirini na miwili, mmoja,
na saa nne ambazo simu ilikaa kimya
kwa sababu ya sauti yangu.

Alipona, kama huko ni kupona:
siku thelathini na moja kitandani,
mfuko ubavuni, suruali inayomning'inia.
Siku ya kuondoka alinishika mkono kwa mikono miwili.
Akanishukuru.
Kisu changu hakijawahi kuingia ndani kiasi kile.

Ijumaa, mbele ya wenzangu, chai ikipoa,
profesa alianza, "Bahati mbaya, hutokea..."
Nikasema hapana. Nikaisoma chati kwa sauti,
mstari kwa mstari, hadi pale simu iliporudishwa.
Tsiala aliangalia dirisha.
Hakuna aliyegusa kikombe.

Sasa ukutani, juu ya meza ya wauguzi,
kuna karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu:
mapigo yakivuka mia na kumi, piga.
Tumbo likikaza, piga.
Mgonjwa akisema hayuko sawa, muamini, piga.
Chini yake namba yangu, tarakimu kubwa
kama za injini ya Shalva.

Jana usiku simu ililia saa tisa na nusu.
Nilivuka daraja la Rioni, barafu ikivunjika chini ya matairi,
koti juu ya nguo za kulalia.
Ilikuwa gesi tu. Kijana alijamba, akacheka, akalala.
Tsiala alinitazama, akisubiri.

Nikamwambia, "Umefanya vema.
Kesho piga tena."