Kifungu cha Kumi na Nne

Walikuja watatu, kila mmoja na kompyuta yake ya kupakata,
tukawaketisha ukumbi mdogo, ule wenye feni moja inayolia.

Wa kwanza alitoka Dar es Salaam, viatu vimechongoka.
Akabonyeza, ukutani ukaota mji
wenye maua, na watoto wanaocheka meno yote,
na kitufe cha kijani kilichoandikwa HUDUMA.
Mwenyekiti akapiga makofi.
Mimi nikautafuta mji ule dirishani:
nikaona vumbi la Ng'ambo na mbuzi wa mhasibu.

Wa pili akasema, wangu mfumo ni bure.
Bure, akarudia, taratibu,
kama mtu anayekuonjesha asali kwa kijiti.
Mhasibu akaamka.
Lakini sisi ni watu wa Tabora, tunajua
ya kijiti haina bei;
mizani inangoja ndoo.

Wa tatu, kijana wa Isevya, Mihayo,
shati limepigwa pasi upande mmoja.
Hakuwa na picha. Alikuwa na orodha,
nyeusi juu ya nyeupe, kama tangazo la mahakama.
Feni ikalia peke yake.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa.
Sikuitwa kuchagua, niliitwa kuleta majalada.
Nikaleta lile la ushuru wa mazao ya misitu,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa viatu,
kifungu cha kumi na nne kiraka juu ya kiraka:
shilingi elfu mbili kwa ndoo;
juu yake, elfu moja;
juu yake tena, mchwa.

Nani kati yao alijua habari za Bi Kalunde Nsumbo,
aliyesukuma baiskeli kutoka Ipole na ndoo sita,
akatozwa getini kwa sheria iliyokwisha kufa?
Alisema, nionyesheni ilipoandikwa.
Mgambo akasema, iko ofisini.
Ofisi ikasema, iko kwa mwanasheria.
Mwanasheria alikuwa Dodoma.
Ndoo mbili zikabaki getini, rehani,
nyuki wakazifikia kabla ya mwanasheria.

Basi nikainua mkono, huu wenye wino.
Naomba kuuliza.
Mama huyu ana simu ya kioo kilichopasuka
na bando la shilingi mia tano.
Hao watoto wanaocheka hawatalimaliza
kabla hajafika kifungu cha kumi na nne?
Wa kwanza akatazama viatu vyake.

Na sheria ya zamani, tukishaifuta,
itaonekana kwamba ilikuwepo, na siku iliyokufa?
Maana mtu hudai haki ya jana kwa sheria ya jana.
Wa pili akasema, hiyo ni ya kulipia.

Na siku mkiondoka (wageni huondoka,
hata waliokula vizuri)
tutabaki na maneno yetu
au mtayashika, kama ndoo za getini?

Hapo umeme ukakatika.
Feni ikanyamaza, mji wa maua ukazimika,
ukuta ukarudi kuwa ukuta, na ufa wake.
Mihayo akapapasa mfukoni, akatoa flashi,
akaiweka juu ya jalada langu.
Yote yamo humo, akasema. Ni maandishi tu,
yanafunguka popote. Hata leo mkitaka kunifukuza.
Haikuwa na uzito wa kibanio cha karatasi.

Msidhani walimchagua. Kikao kiliahirishwa.
Muhtasari unasema wajumbe walipokea mada tatu
na kupata chai.

Ila flashi hakuna aliyeiulizia.
Jioni, wenzangu wakishafunga madirisha,
nafungua jalada, nachapa kwa vidole viwili,
kiraka cha chini kwanza, kisha cha juu yake,
pale mchwa walipokula nampigia diwani mstaafu wa Cheyo,
anakumbuka, anakohoa, anakumbuka tena.
Jana nilikosea herufi moja:
shilingi elfu moja kwa kila ndoa.
Nilicheka peke yangu, makabati yakaitikia.
Kisha nikasahihisha.
Nikaweka tarehe.