Ndimu na Majivu

Jumapili ya Julai, Montevideo, baridi ya kutafuna masikio.
Barabara nzima ya Tristán Narvaja imetandazwa mali za watu:
vitasa bila milango, santuri zilizopinda,
sungura hai ndani ya kreti la bia,
na mimi na kopo la biskuti la baba,
zito kama deni.

Zubillaga hanitazami usoni.
Anaweka chini kibuyu chake cha chai chungu,
anajipangusa vidole,
anaichukua ya kwanza kwa kuishika ukingoni
kama ashikaye kipepeo asije akampukuta vumbi la mbawa.
"Watu husema sarafu ina pande mbili," ananung'unika.
"Mimi huanza na wa tatu."
Anausoma ukingo, meno yake madogo,
anahesabu, au anajifanya anahesabu.
Kisha mwaka.
Kisha alama ya karakana, ndogo kuliko kiroboto.
Kisha anaiinamisha kwenye mwanga, anavuta pumzi puani,
anaiweka kushoto.

Ya pili, kushoto.
Ya tatu, ya kumi, ya arobaini, kushoto.

Zote zinang'aa kama vijiko vya harusi.
"Nani kazisugua?"

Siku ya tatu baada ya mazishi
mama yangu, Nélida, alikunja mikono ya sweta,
akakata ndimu sita, akachota majivu jikoni,
akaketi, kopo mapajani.
Hakula. Hakulia. Alisugua.
Miaka thelathini alikuwa amekatazwa kuzigusa.
Usiku wa manane tulimsikia bado, kwaru, kwaru,
na asubuhi tukazikuta zimepangwa juu ya taulo
kana kwamba Ademar angerudi kuzikagua.

Zubillaga anatoa kioo jichoni.
"Kijana, sarafu ina ngozi.
Huota polepole, miaka sitini, themanini,
rangi ya chai, halafu rangi ya kovu la zamani.
Ukiichuna hairudi.
Hizi sasa ni madini tu. Nitakulipa kwa mizani."

Kizuri chajiuza, husema watu.
Mezani pake kizuri kimelala kimya, hakina mnunuzi.

Lakini chini kabisa,
ndani ya risiti ya umeme iliyokunjwa mara nne,
ipo moja ambayo ndimu haikuifikia.
Nyeusi. Nilidhani kifungo cha koti.
Jua lenye uso wa mtu, mashavu yamechakaa,
na juu ya sikio, panapostahili mwale,
hapana kitu.

Zubillaga ananyamaza. Chai inapoa.
"Uchafu," anasema hatimaye, kwa heshima,
kama atajaye jina la askofu.
"Grisi iliziba muhuri wa kugongea.
Labda asubuhi moja tu. Labda mpigaji
alikesha na mtoto mgonjwa.
Wakagundua, wakafuta, wakaendelea.
Nimewahi kusikia habari ya tatu.
Hii ni ya nne."

Majua yaliyokamilika yalitoka kwa mamilioni,
yakanunua mkate, yakapotelea mifukoni,
hakuna aliyeyaita kwa jina.
Hili lenye pengo lina watu wanaoliulizia.

Anaandika tarakimu, ananigeuzia karatasi.
Inatosha paa, na jiwe la kaburi juu yake.
Nauza. Sitadanganya kwamba nilisita.

"Na hizi?" Anasukuma rundo la kushoto.
Sindano ya mizani inatikisika, inatulia.
Nasema hapana,
na sina sababu ya kumpa,
nazizoa tu kwa viganja viwili kuzirudisha koponi,
kelele tupu.

Kwenye basi la kwenda Maroñas natoa moja,
naishika ukingoni kama alivyonionyesha bila kunionyesha,
naiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.
Mikwaruzo. Mamia, myembamba kama nywele,
yote imezunguka upande mmoja,
kinyume na saa.

Mama ana shoto.

Natoa nyingine. Na nyingine.
Mwanamke wa kiti cha pili anageuka, ananusa hewa,
anamuuliza mumewe nani amekata ndimu.