Jeusi na Jeupe, Al-Khuwair

Dukani kwa Koya, Ruwi, nyuma ya soko la dhahabu,
majora yamesimama ukutani kama mashahidi wa ndoa.
Koya ananivutia lile la rangi ya asali, lenye shada na vishikizo vya hariri:
"Hili, mama, wanachukua wote."

Najua wanachukua wote.
Miaka ishirini na miwili nilikaa nyuma ya asali hiyo,
akaichagua mama mkwe, akaipima mama mkwe,
mie nikaishusha kila Shaabani, nikaifua, nikaipandisha,
mabega yakaniuma mpaka mwezi ukaandama.

"Nataka jeusi," nikasema. "Na jeupe."
Koya akavua miwani.
"Lipi?"
"Yote mawili. Bega kwa bega."

Dada yangu Rayya, kwenye simu:
"Jeusi sebuleni, Shekha? Umefiwa na nani?"
Sikufiwa. Nilijivua.
Mahari niliyarudisha kwenye bahasha ya kaki,
karani akahesabu, akalowesha kidole, akahesabu tena.
"Basi weka hata rangi ya maziwa, watu wasiseme."
Watu, Rayya, wameshasema mpaka wakanywa maji.

Nyumba njema si mlango, tuliambiwa,
tufungue tuingie ndani.
Dirisha hakuna aliyelitaja.

Jumanne akaja kijana na keekee ya umeme.
Zege likapiga ukelele, unga mweupe ukanyesha juu ya kochi.
Ukutani yalikuwapo matundu manne tangu zamani,
ya mpangaji aliyenitangulia.
Sijui naye alikuwa akijistiri na nini.
Kijana akayaziba kwa gundi, akatoboa yangu.

Saa saba mchana, digrii arobaini na sita.
Nje jabali limekaa uchi, halina hata kichaka.
Maji ya kiyoyozi cha jirani yanadondoka, tone,
yanakauka kabla ya kufika chini.
Nikayavuta.
Jeusi likalimeza jua kimya, kama nilivyokuwa nikimeza maneno mezani;
jeupe likalichuja, kifumbu na tui,
mwanga mwepesi ukateremka juu ya zulia
hata nikaona aibu kuukanyaga.

Mundhir wa mlango wa pili, miaka sita,
akachungulia na mkate mkononi:
"Khala, umefuga punda milia?"
Nimefuga, mwanangu.
"Anakula nini?"
Jua. Anza kumhesabia, utachoka.

Ijumaa Rayya akaja na sahani ya mofa.
Hajavua viatu, akasimama.
"Mtume! Umewatundika bibi na bwana dirishani!"
Nikatazama. Kweli:
buibui moja jeusi mpaka chini,
kanzu moja nyeupe iliyopigwa pasi,
wanatazama barabara ya mabalozi na kituo cha petroli,
hawasemezani.
Nikacheka mpaka kahawa ikanimwagikia.
"Lakini tazama," nikamwambia, "kamba iko wapi."
Kamba iko upande wangu wa kochi.

Hapo ndipo jicho lake la ushonaji likaliona.
Jeupe limepungua vidole vinne.
Akapiga magoti, akapima kwa kiganja: vinne, si vitatu.
"Mlipie nini huyu Koya? Lirudishe."

Nimewahi kurudisha, nikasema. Najua uzito wake.

Akaninyamazia, akamega mofa.
Hakuuliza tena, na mofa ilikuwa imepoa.

Sasa kila asubuhi, baada ya sala,
kabla magari hayajaanza kugombana na taa,
mwanga unapita kwenye zile nafasi za vidole,
unatambaa juu ya vigae,
unafika mguu wa meza, unapumzika,
unafika ndara zangu.
Mie nipo na birika langu, miguu juu ya kochi.
Naupisha.